Mara Tisa Gatini

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilipanda lori kwenda Mwanza kuona ziwa, na mpaka leo mtu akiusifu mji ule mbele yangu ninakaza meno. Si kwamba anasema uongo. Mwanza ni mzuri. Mawe yamebebana juu ya vilima utadhani kuna mtu aliyapanga kisha akaondoka bila kuhakikisha kama yatakaa. Nyumba zimejibana katikati ya mawe hayo, na popote unapogeuka, chini yako kuna maji. Yote hayo nayajua. Nilisoma chuo mjini humo humo miaka mitatu, na dirisha la chumba changu lilitazama ziwa. Nilifunga pazia.

Niandike kwa utaratibu, maana habari hii imesimuliwa ovyo kijijini kwetu, na kila anayeisimulia huanza na bibi yangu. Mimi naanza na lori.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuonekana kwetu. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, wa ushirika. Sasa walikuja watu wenye mizani zao na malori yao, na kila mmoja alitaka apendwe kabla msimu haujafunguliwa. Mmoja wao, ambaye hana kosa lolote katika haya nitakayoandika, aliiazima shule yetu lori na dereva kwa siku moja. Mwalimu Mabula akatangaza kwamba darasa la tano litakwenda Mwanza, litaona mji, litaona mawe, na litavuka kwa boti hadi kisiwa chenye wanyama. Kijiji chetu kiko upande wa Sapiwi, wilaya ya Bariadi, na wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu kama mkoa haikuwapo. Katika darasa letu la watoto thelathini na wawili hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona maji asiyoweza kuona ng'ambo yake.

Mimi ni Doto. Dada yangu ni Kulwa, aliyenitangulia kuzaliwa kwa muda ambao mama yangu hukadiria kuwa ni wa kuchemsha chai. Pacha kwetu huitwa mabasa, na mabasa wana mambo yao. Aliyeyajua mambo hayo nyumbani kwetu ni bibi, mama yake baba, ambaye aliishi katika nyumba ndogo ndani ya kaya yetu na kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa sababu miti ilikuwa imekwisha kufyekwa kupisha pamba. Moshi wa kinyesi huwasha. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima.

Jioni ya kuamkia safari tulimkuta akipepeta mtama pamoja na jirani yetu, mama Limi.

"Mwadila, Bibi," tulimsalimu.

"Mwadila. Nasikia kesho mnavuka maji. Kaeni hapa."

Akatueleza. Kwenye kila maji makubwa ambayo hatujawahi kuyavuka, kabla ya kuvuka, kila mmoja wetu achukue maji kinywani, ayapulize juu ya maji yale, kisha ataje kwamba yeye ni pacha. Kwa Kisukuma ni maneno machache tu. Sitayaandika. Yamekwisha kusemwa hadharani vya kutosha.

"Kwa nini tuyaambie?" Kulwa aliuliza. Kulwa alikuwa mtu wa kuuliza kwanza, akishajibiwa anatii kabisa. Mimi nilikuwa kinyume chake.

"Mlikuja wawili mahali alipongojwa mmoja," Bibi alisema. "Maji yaambiwe mapema, yasije yakadhani kuna aliyezidi. Na mashavu yajae. Sitaki kusikia mmelamba kama paka."

Mama Limi akacheka. Bibi hakucheka.

"Na ni mara moja. Mkishayaambia mmeyaambia. Mkirudia kwa mchezo, mmoja wenu atarudi mgonjwa."

Alisema hivyo hasa. Mama Limi alisikia, mimi nilisikia, na Baba, aliyekuwa anaingia akisukuma baiskeli, naye alisikia. Baba alikuwa mzee wa kanisa.

"Mama, waache hao watoto," alisema. "Sisi tumeokoka."

"Mmeokoka. Na maji nayo yameokoka?"

"Maji ni maji tu. Hayasikii."

"Basi hutapungukiwa na kitu wakiyasemesha," Bibi alisema, akaendelea kupepeta. Baadaye alimpa Kulwa kidumu cha lita moja kilichojaa maji ya kisima, kwa ajili ya mto Simiyu, kwa sababu alijua lori halitasimama darajani.

Tuliondoka alfajiri. Mpaka Lamadi ilikuwa vumbi tupu, kisha tukashika barabara ya Musoma kwenda Mwanza. Karibu na Nyashimo, kwa mbali upande wa kulia, ukatokea mstari mrefu wa buluu. Minza, kiranja wetu, alisema ni mbuga imefurika. Mtu akamwambia mbuga haiwi buluu. Minza akasema basi ni turubai. Tulibishana mpaka dereva akapaza sauti kutoka mbele kwamba ndilo ziwa lenyewe, na lori zima likanyamaza. Nakumbuka ule ukimya kwa upendo. Ni kitu kimoja katika siku ile ambacho hakikuharibiwa.

Tulipofika daraja la mto Simiyu, Kulwa alifungua kidumu, akajaza mashavu, akanipa nami. Yeye alisimama upande wa nje, akapuliza kuelekea mtoni. Hakufikiria upepo. Nusu ya maji iliturudia, ikampata Minza kifuani na Mwalimu Mabula usoni.

"Mvua imeanza," mtu alisema kutoka nyuma, na lori likacheka.

Mwalimu Mabula alifuta miwani yake kwa shati. Alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, Msukuma kama sisi, ila alikuwa amekwenda chuo cha ualimu na kurudi akichukia kila kilichomkumbusha alikotoka. Ukisema Kisukuma darasani, ulichapwa. Alimpiga Kulwa kofi.

"Ushenzi huo tumeuacha nyumbani," alisema. "Mnaniaibisha mbele ya dereva." Akakichukua kidumu, akakitupa nje.

Kofi lilimpata Kulwa sikio la kushoto. Daktari wa masikio aliyemwona miaka mingi baadaye alisema kofi moja la namna ile haliwezi kuleta uziwi wa masikio yote mawili, na mimi nimemwamini. Lakini lilipigwa, kwa hiyo naliandika.

Tuliingia mjini yapata saa tano. Siwezi kusema hatukufurahi. Tuliona jiwe limesimama juu ya jiwe ndani ya maji, mnandi weusi wamelikalia, wametandaza mabawa kama nguo zilizoanikwa. Tuliona pimbi wakikimbizana juu ya miamba, wanene, hawana habari na watu. Tulinunuliwa maandazi. Kisha tukashuka gatini, mahali boti za kwenda kisiwani zilipokuwa zinafungwa. Kulikuwa na ngazi za saruji, saba kwa hesabu yangu, mbili za mwisho zikiwa ndani ya maji, zina utelezi wa kijani. Kushoto kwa ngazi, hatua chache tu, palikuwa na mfereji wazi uliotoka upande wa soko na kumwaga ziwani. Uliyabeba magamba ya samaki, na vitu vingine. Niliuona siku ile na kuyapeleka macho kwingine. Nilipokuwa chuoni nilirudi kuutazama. Bado ulikuwa pale pale.

Kulwa alinivuta mkono. Mwalimu alikuwa akiongea na mwenye boti, hakuwa anatutazama. Tulishuka ngazi, tukachota kwa viganja, tukafanya kama tulivyoambiwa: kinywa kimoja, pumzi moja, na yale maneno kwa sauti ya chini. Mara moja. Ilikwisha, na nikaona mabega ya Kulwa yakishuka kwa utulivu.

Tulipogeuka, mwanamke wa Kizungu alikuwa ametuinamia, kamera mkononi. Walikuwa watano, wanawake watatu na wanaume wawili, nao walikuwa wanangoja boti. Yule mwanamke alimuuliza Mwalimu Mabula jambo kwa Kiingereza. Mwalimu alitutazama, akaangalia ngazi, akaelewa tulichokuwa tumefanya. Nilijiandaa kwa kofi langu. Badala yake niliona uso wake ukifunguka.

"Kulwa, Doto, njooni wanangu."

Hakuwa amewahi kumwita mtu yeyote mwanangu.

"Waonyesheni wageni mila yetu."

"Tumeshafanya, Mwalimu," Kulwa alisema. "Ni mara moja tu."

"Nani kasema?"

"Bibi."

"Bibi yako yuko hapa?"

Tulirudia. Mara ya pili kamera ilikuwa haijawa tayari. Mara ya tatu jua lilikuwa nyuma yetu, tukahamishwa ngazi ya chini zaidi, upande wa mfereji. Mara ya nne walipiga makofi. Na hapa ndipo lazima niseme kwamba mimi nilipenda yale makofi. Nilipaza sauti kwenye yale maneno, nikatanua mikono, na niliporudi juu Minza akasema, "Mnalimaliza ziwa, sisi tutaona nini?" na watoto wakacheka, nami nikacheka. Mwanamume mmoja kati ya wale wageni alitaka apige picha yake mwenyewe. Mwingine alitaka kusimama kati yetu. Mwalimu alikuwa anaeleza kwa Kiingereza chake cha polepole, akinyoosha kidole kwetu na kwa ziwa, na kila alipomaliza kueleza alisema, "Tena."

Zilikuwa mara tisa, ukihesabu ile ya kwanza. Kufikia ya tano nilikuwa nimegundua kwamba unaweza kulowesha midomo tu, ukapuliza hewa na matone, na kwenye picha haitaonekana tofauti. Sikumwambia Kulwa. Hata ningemwambia, asingekubali. Kulwa alikuwa ameambiwa mashavu yajae, na kila mara, hata zile za kulazimishwa, aliyajaza. Baadhi aliyameza. Nilimwona akimeza, na kukohoa, na kuchota tena.

Kisha mwenye boti akaita. Ikajulikana kwamba wageni walikuwa wameikodi boti yote, na kwamba wamemwomba Mwalimu afuatane nao awaeleze mambo ya kisiwani. Akapanda. Alituambia tumsubiri kwa nidhamu. Tulimsubiri saa mbili na nusu juu ya miamba, na dereva, tukikitazama kisiwa kilivyokaa pale karibu, kijani, na boti ikiwa imefungwa kwenye kivuli chake. Darasa la tano halikuona mnyama zaidi ya pimbi. Kulwa na mimi tuliomba njia mara tisa, na hatukuvuka.

Alirudi na kofia ya mmoja wa wale wageni kichwani. Ndani ya lori, kabla hatujafika Magu, alituita mbele sisi wawili.

"Ya gatini yaishie gatini," alisema. "Wazazi wenu hawaelewi mambo ya utalii."

Siku ya kumi na moja Kulwa alianza homa.

Nimesomea maabara. Bakteria wa homa ya matumbo nimewaotesha kwenye sahani kwa mikono yangu, nimewatazama kwa darubini, na najua huchukua muda gani kutoka kinywani hadi kuangusha mtu. Siku kumi na moja zinakubaliana kabisa. Maji ya mfereji yanakubaliana kabisa. Lakini wakati ule kila homa ilikuwa malaria. Zahanati ilimpa klorokwini, kisha ikaishiwa. Siku zile maduka ya dawa yalikuwa yameanza kufunguliwa ovyo kama vibanda vya sukari, na mwenye duka mmoja, ambaye watu walimwita daktari kwa sababu ya koti, alimchoma Kulwa sindano za kwinini, dawa ambayo ikizidi huharibu masikio, nyingi, siku baada ya siku. Homa haikushuka. Katika wiki ya tatu Baba alimfunga mgongoni kwa khanga, akampeleka kwa baiskeli hadi hospitali mjini Bariadi, na huko ndiko alikopona. Alirudi kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, akitembea kwa kushika ukuta.

Siku ya pili baada ya kurudi nilimwita kutoka nyuma. Hakugeuka. Niliita tena. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikasema jina lake, naye akatazama midomo yangu, akaweka kidole juu yake.

"Usiseme," alisema. "Masikio yatarudi."

Alikuwa anajificha nyuma yangu. Mama akituita, mimi nikisimama, yeye anasimama. Nikicheka, anacheka. Watu waliona tu kwamba amekuwa mpole, na wengine walisema ameduwaa, na kwetu neno hilo maana yake ni kwamba mtu amerogwa. Katika kaya nzima mimi peke yangu nilijua kwamba dada yangu hasikii.

Mama Limi alikuwa ameshasema aliyoyasikia. Simlaumu sana, alisema ukweli, ila aliusema kwa watu waliokuwa wanautafuta. Bibi kizee alitamka kwamba mmoja atarudi mgonjwa. Mmoja amerudi mgonjwa. Kwetu, miaka ile, mwanamke mzee mwenye macho mekundu alikuwa na sababu ya kuogopa akisikia anaitwa mkutanoni. Kulikuwa na vijiji ambako hawakungoja hata mkutano.

Kikao cha kijiji kilifanyika asubuhi, katika chumba cha darasa la nne, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamepanda hadi kifuani. Bibi alipewa benchi mbele, peke yake. Kulwa na mimi tulikaa dawati moja, Baba nyuma yetu. Na mezani, kalamu mkononi, alikaa Mwalimu Mabula, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri.

"Mayu," mwenyekiti wa kijiji alimwambia Bibi, kwa heshima ya kumwita mama, "ulisema mmoja atarudi mgonjwa?"

"Nilisema."

"Akaugua?"

"Mmemwona."

"Sasa ulijuaje?"

Bibi alimtazama, akafungua mikono yake mapajani, akaifunga. Mwalimu Mabula aliandika. Nilikuwa karibu kutosha kuona kalamu ikitembea, na nilingoja. Hicho ndicho ninachokumbuka zaidi ya yote: jinsi nilivyongoja kwa uhakika. Alikuwa mwalimu. Alikuwepo. Ngazi, mfereji, makofi, tena, tena. Ilimbidi tu ainue kichwa aseme sentensi moja, na Bibi angerudi kwenye mtama wake.

Aligeuza ukurasa.

Nikainua mkono, kama darasani, kwa kuwa lilikuwa darasa.

"Mwalimu ndiye alituambia turudie," nilisema. "Wazungu walikuwa wanapiga picha. Tulirudia mara tisa."

Mwalimu Mabula alitabasamu, tena kwa upole.

"Mtoto anampenda bibi yake," alisema. "Niandike na hilo, mwenyekiti?"

Watu walicheka kidogo. Mkono wa Baba ukanishika shingo kutoka nyuma, bila kuniumiza, na ukabaki hapo.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Basi tumuulize mgonjwa mwenyewe. Kulwa, ni kweli mwalimu aliwaamuru mrudie?"

Alikuwa ameinama akijipangusa tope kwenye kiatu alipouliza, kwa hiyo midomo yake haikuonekana. Kulwa alikuwa anatazama mvua mlangoni. Alipogeuka, akaona watu wote wamemgeukia, naye akanigeukia mimi, kama alivyozoea, aone tunafanya nini.

Mimi nilitazama chini.

Kulwa naye akatazama chini.

"Hakuna kitu kama hicho," sauti moja ilisema. Na Mwalimu akaandika.

Baba alisimama. Nitasema ukweli wake pia: sauti yake ilitetemeka. "Huyu ni mama yangu," alisema. "Lakini mtoto ni wangu." Ikaamuliwa kwamba Bibi aondoke, na kwamba hatadhuriwa ikiwa ataondoka. Kesho yake Baba alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na kinu chake na vyungu viwili, wakaanza safari kwenda Ipililo, wilaya ya Maswa, kwa kaka yake.

Nimeifikiria imani ya baba yangu kwa miaka mingi, na bado inanichemsha damu. Alisema maji hayasikii. Alisema mila ile ni bure, haina nguvu, tumeokoka. Kama haina nguvu, basi maneno ya mama yake hayakuwa na nguvu. Kama ina nguvu, basi mama yake alituonya sawasawa, na aliyevunja ni mwingine. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Lakini darasani mle waliipata. Walichukua nusu ya imani, ile nusu inayotoa mtu wa kulaumiwa, wakaitupa nusu iliyokuwa inatulinda. Watu wakiniuliza leo, kwa kuwa nimesoma, kama naamini mambo ya mabasa, huwa najibu kwamba sijawahi kudhuriwa na aliyeyaamini yote. Bibi aliyaamini yote. Alitupatia kidumu cha maji, na akatuambia tusirudie.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikwenda Ipililo kumwona. Nilikuwa na maswali, nami nikamuuliza lile lile la mwenyekiti, kwa sababu lilikuwa linanisumbua usiku na mchana.

"Bibi, ulijuaje?"

Alikuwa anachambua dengu. "Sikujua," alisema. "Mimi niliambiwa hivyo na mama yangu, nami nikawaambia." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Ningejua, ningewazuia msiende."

Sikuwa nimefikiria hilo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kikao kizima kilimpa mwanamke yule ujuzi mkubwa kiasi cha kumfukuzia, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini bibi mwenye ujuzi huo angewaamsha wajukuu zake alfajiri na kuwasindikiza hadi kwenye lori. Alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Baba hakuwahi kumtembelea hata mara moja. Kwenye mazishi ndiye aliyeomba sala ndefu kuliko wote.

Mwalimu Mabula alipandishwa cheo, akahamishwa. Nilikutana naye mara moja stendi ya Bariadi, mvi zimemjaa, akanishika mkono kwa furaha na kumwambia mtu aliyekuwa naye kwamba huyu ni matunda ya kazi yake. Nilimuuliza kama anakumbuka kikao cha darasa la nne. Alisema siku zile mambo yalikuwa magumu, na kwamba wangemfukuza kazi. Hakusema hakumbuki. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na ule ukweli wake ulinikasirisha zaidi.

Nilidhani orodha yangu ya wenye makosa imeishia kwake.

Kulwa yupo. Analima mpunga, ana watoto wawili, anasoma midomo ya watu kwa ustadi unaoogofya, na masikio hayakurudi. Haya yote hatukuwahi kuyaongea. Yeye alijua Bibi alifukuzwa kwa sababu ya ugonjwa wake, basi. Mwaka jana niliamua ana haki ya kujua yaliyosemwa siku ile, nikamwandikia: kurasa sita, kila mtu na maneno yake, kadiri ninavyokumbuka. Nilikaa naye akisoma, mlangoni kwake, kuku wakipita katikati yetu.

Alisoma polepole. Alipofika ukurasa wa tano alirudi nyuma, akasoma tena, akaweka kidole.

"Kumbe waliniuliza mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani wanamuuliza Baba." Aliendelea kutazama karatasi. "Ningesema. Nilikuwa nakumbuka yote. Ningewaambia hata ule mfereji."

Nilimweleza kwamba nilikuwa nimeshasema na hawakunisikiliza, kwamba yeye mwenyewe alinikataza kutaja masikio yake, kwamba Baba alikuwa amenishika. Nilisema kwa kirefu. Alifuata midomo yangu mpaka mwisho, bila kunikatiza.

"Ungenigusa bega tu," alisema.

Hakuwa na hasira. Hasira ninayo mimi, nami nimeigawa kwa miaka mingi kwa uangalifu mkubwa, kila mtu na fungu lake, nikihakikisha sikosei hata jambo dogo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mkono wa Baba ulikuwa shingoni mwangu. Hayo ni kweli, na nimeyaandika. Kulwa alikaa kulia kwangu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa huru.